Firigisi ya Jogoo Mwekundu

Krismasi ya watu wa Polandi inaanza kuliwa bila nyama. Nikiwaambia watu wa hapa Zagayu wanacheka, wanasema mzee sasa anatunga. Krismasi gani haina nyama? Lakini mimi nimeipika kwa mikono yangu, tena siyo mara moja. Shule niliishia darasa la tatu, akili ya kutunga nitaitoa wapi?

Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya jineri moja, Bariadi mjini. Jineri ni kile kiwanda kinachotenganisha pamba na mbegu zake. Mashine zikiharibika huwa zinaletewa mafundi wa mbali, kwa hiyo nyumba ile ilipitiwa na mataifa. Meneja alikuwa Mhindi. Kwenye sikukuu yake ya taa nilimfanyia ladu, vile vitamu vya mviringo: unga wa dengu unaukaanga na samli mpaka harufu yenyewe inakwambia tosha, unatia sukari na iliki, halafu unafinyanga ungali wa moto. Vidole vinaungua. Ukiogopa kuungua hazishikani. Wachina wa barabara nao walikaa msimu mzima, na mwaka wao mpya walitaka samaki mzima na kichwa chake, na wasimmalize, wabakize wa kesho. Nikauliza kwa nini, wakasema ndiyo baraka yenyewe. Waislamu wenye maduka mjini waliniita kila Iddi nisimamie sufuria kubwa la pilau, ingawa wake zao wanalijua pilau kuliko mimi. Nadhani walinihurumia tu, au walipenda maneno yangu.

Maana kila mtu nilimpa heri kwa lugha yake. Nilizishika kwa sikio, sijui hata zinaandikwaje. Mchina nilimwambia shinyen kwaile, Mpolandi nikamwambia vesowi shviont, na wote wanapiga makofi, wanaitana, njooni mumsikie mpishi. Nisiseme uongo, nilipenda yale makofi. Nyumbani hakuna anayekupigia makofi kwa kusema mwangaluka. Hiyo ni salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, unaitoa na unaendelea na kazi.

Sasa niseme habari ya firigisi, maana vijana wa leo wananunua za kwenye mfuko, kilo nzima, wanaona ni nyama kama nyama nyingine. Kwetu kuku ana firigisi moja na ina mwenyewe. Ni ya baba mwenye kaya. Mama anaiosha, anaimenya, anaipika, haonji. Mtoto akiila anachapwa, na mimi nilichapwa. Paja ni la mgeni. Ukiingia kwenye nyumba yetu watu wakiwa wanakula, angalia tu nani amewekewa nini, huna haja ya kuuliza.

Wale wageni wa jineri firigisi walikuwa hawali. Fundi wa Polandi aliniambia, "Mpe mbwa." Mbwa hakuonja hata moja. Nilizikaanga kwa chumvi nikazila nimesimama kando ya sinki, sikukuu baada ya sikukuu, nikajiona mjanja.

Na Zagayu si mbali na Bariadi. Wengine wakinisikia wanadhani nilikuwa Ulaya. Kwa baiskeli ukitoka asubuhi, chakula cha mchana unakula kwako. Nililijua hilo, na mke wangu alilijua vizuri zaidi.

Mwaka mmoja, Krismasi imekaribia, akanifuata jineri mwenyewe. Akapiga goti mlangoni pa jikoni akanisalimia, "Mwadila," ilikuwa mchana. Fundi akasimama anatuangalia. Nikaona aibu. Ndiyo, niliona aibu kwa mke wangu kunipigia goti, na kupigiwa goti na mkeo huku kwetu ni heshima.

"Inuka, mama watoto," nikamwambia. "Kuna nini?"

"Yule jogoo mwekundu nimekuwekea. Krismasi uje umle."

"Nitakuja."

"Utakuja kama ulivyokuja mwaka jana?"

"Nimesema nitakuja! Siku ya sikukuu mchana nipo."

Akacheka kidogo. "Haya. Nitamwambia jogoo akusubiri."

Mkesha ukafika. Fundi alikuwa na wenzake wawili kutoka kwao. Nikawapikia supu nyekundu ya bitiruti, kabichi, na sato wa ziwani, maana yule samaki wao hapatikani huku. Wanatandika majani makavu chini ya kitambaa cha meza, kama wanalaza ndama. Halafu hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane. Watu watatu, lakini sahani waliniamuru niweke nne. Kila mwaka ilikuwa hivyo, inazidi moja, nami naiosha na kuirudisha kabatini bila kuuliza. Siku hiyo nikauliza.

"Ya mtu ambaye hayuko kwao," fundi akasema. Akaniangalia. "Leo kaa wewe."

Miaka yote ile mezani pale nilisimama na trei tu. Nikakaa. Wakanimegea mkate mwembamba kama ule wa komunyo, kila mmoja akanipa mkono wa heri. Nilikula kama bwana harusi. Tulipomaliza, fundi akaniuliza, "Kesho ndiyo siku ya nyama. Bata unamweza?"

Hakunilazimisha. Ningesema nina ahadi nyumbani, yule mtu angenipa hata gari. Nikasema namweza.

Asubuhi nikatuma ujumbe kwenye simu ya mwanangu mkubwa, kwa herufi kubwa kwa sababu ndogo sikujua zinapatikana wapi: HERI YA KRISMASI MAMA WATOTO KAZI NYINGI. Nikaenda kumnyonyoa bata. Firigisi ya bata nayo niliila.

Miaka ikaenda. Jineri ikaleta wapishi wengine, wa kusomea, wanavaa kofia. Nikarudi Zagayu na baiskeli yangu na begi moja. Krismasi ya kwanza nyumbani nikakaa kwenye kiti changu, nimevaa shati jipya, nikijua kabisa kinachokuja. Mke wangu akaniwekea paja. Paja kubwa, zuri, mafuta yanang'aa. Nikatafuta kwenye bakuli kwa macho. Nikainua macho, firigisi iko kwa mwanangu mkubwa, na anaila bila hata kuitazama, kama mtu anavyokula kitu alichozoea.

"Hiyo ni nini?"

"Firigisi, baba."

"Naiona. Nauliza inafanya nini huko."

Akaacha kutafuna. Mama yake ndiye akajibu. "Anakula chakula chake."

"Chake tangu lini?"

"Tangu jogoo mwekundu."

Akanisimulia, hata sauti hakupandisha. Siku ile alichinja mapema. Firigisi akaiweka kwenye bakuli dogo akalifunika, watu wote wakaambiwa wasubiri. Watoto wakasubiri mpaka ugali ukapoa. Ujumbe ulikuwa umeingia tangu asubuhi ila simu ilikuwa kwenye chaji dukani. Mwanangu alipoirudisha, jua limeshageuka, akamsomea mama yake, maana mama hajui kusoma.

"Baba amesema nini?"

"Amesema heri ya Krismasi. Ana kazi nyingi."

Mama akafunua lile bakuli akampa. "Basi kula wewe."

Nilisema maneno mabaya siku hiyo. Nikasema nyumba hii nimejenga mimi, haya mabati nimeezeka mimi.

"Bati tunaliona," mke wangu akasema. "Hata mvua ikinyesha tunalisikia."

Kitu kimoja sikuwaambia, mpaka leo. Kwamba mkesha ule sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nimekaa.

Toka hapo kila sikukuu ni paja. Mwaka mmoja mwanangu aliona uso wangu, akasogeza sahani, "Baba, chukua tu." Nikanyoosha mkono. Mke wangu aliniangalia tu, na mkono nikaurudisha nikajifanya natafuta chumvi. Ananihudumia vizuri sana. Maji ya kunawa ya uvuguvugu, kiti kinafutwa, karibu mzee. Watu wanaopita wanasema mke gani huyu, unatunzwa. Hawajui wanachokiona.

Krismasi hii iliyopita nikasema nitafanya kama mpishi. Nikamchinja kuku mwenyewe, nikamnyonyoa, firigisi nikaipasua, nikaitoa mchanga, nikaimenya ile ngozi ya njano mpaka ikawa safi. Nikataka kuipika. Mke wangu akachukua bakuli mikononi mwangu, taratibu, akaingia nalo jikoni akarudishia mlango.

Chakula kikaja. Paja kwangu, firigisi kwa mwanangu. Nikala nikamaliza, mfupa nikaulamba, nikasema, "Asante, mama watoto."

Akachukua sahani. "Karibu tena," akasema.