Marashi ya Bibi

Leo nimefungua chupa ya marashi, na harufu yake imenirudisha utotoni, kwenye fleti yetu ya Kilburn, Uingereza.

Bibi alikuwa amefariki Mombasa, na kwetu binti ndiye humwosha mamake. Mama alirudishwa kutoka uwanja wa ndege: paspoti yake ya Kenya ilikuwa imeisha, na ile ya Uingereza ilitaka viza.

"Hata kwetu nibishe hodi?" alilia.

Mama mdogo akapiga simu. "Dada, hatuwezi kungoja tena. Tunamwosha."

Mama alitandika shuka jeupe kitandani, akalinyunyizia marashi aliyomnunulia Bibi, kichwani mpaka miguuni, akilipapasa kama kwamba kuna mtu.

Sasa ninapakia sanduku kumfuata Mama, aliyerudi kuishi Mombasa. Paspoti zangu mbili nimezikagua tena na tena. Nimewapigia Mombasa: tafadhali, msimwoshe Mama mpaka nifike.