Yuko Jikoni

Shemeji yangu tulimwita Kasuku, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu kwenye banda la video: waigizaji wanasema kwa lugha yao, yeye na kipaza sauti chake anatupa kwa yetu, na chumvi anatia mwenyewe.

Iliyompa umaarufu ni ile ya bwana harusi aliyepotea njia, akaingia harusi ya watu na kumpenda bibi harusi wao. Tuliirudia mpaka mkanda ukachakaa. Siku moja, bwana yule kapiga magoti, Kasuku akaacha maneno ya filamu akamposa dada yangu, mkata tiketi wa mlangoni, mbele ya banda zima. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Akakubali.

Miaka ikaenda. Sukari ikamla dada macho, kisha figo. Hospitali walipomrudisha mgonjwa wetu nyumbani, tulielewa. Dada akawa hacheki tena. Ndipo tukasikia sehemu ya pili ya filamu ile imetoka, na Kasuku akaisaka kama dawa.

"Acheke mara moja tu, shemeji," aliniambia. "Inanitosha."

Tukaiweka pale chumbani kwake. Jamani! Walioitengeneza Mungu awasamehe, mimi bado. Filamu hata haijakolea, bibi harusi wetu kafa ajalini, na mumewe anashinda baa na wanaume wenzake, wakitupiana vichekesho vilivyopoa kama chai ya jana. Kasuku alinitazama, akaanza kudanganya. Wamezeeka pamoja, akasema. Sasa wanagombania blanketi. Jasho lilimtoka.

Dada alisikiliza, uso mkavu.

"Mbona sauti ya mwanamke siisikii?"

"Yuko jikoni."

"Muda wote huu?"

"Si anapika!"

Dada akanyoosha mkono, akampapasa uso mpaka akayakuta machozi.

"Mume wangu, siku yangu ikifika, usiwaambie watu niko jikoni."

Ilifika wiki ile ile. Tumetoka kuzika, simu ya dada ikalia. Alikuwa rafiki yake wa zamani, yuko mbali, hana habari, anataka kumsalimia tu. Kasuku ndiye aliyeipokea.

"Yuko jikoni," akasema, akakata.

Ilipolia tena, nikaipokea mimi.