Dafrosa na Kiti cha Shangazi

Mjini Mpanda, ukisikia sauti ya mwanamke inatangaza mitumba, msiba au siku ya chanjo, na sauti hiyo ikakufuata mpaka chooni, ujue ni Dafrosa. Hukaa nyuma kwenye bajaji ya Rafaeli, spika imefungwa juu ya paa kwa mpira, akaongea kutwa nzima. Mwenyewe husema Mungu aliumba mdomo wake kwanza, halafu akatafuta mwili wa kuubeba.

Mwaka jana alipigiwa simu na binamu yake Cletus kutoka kijijini kwao, Mamba. Shangazi yao Theopista alikuwa ameshazikwa na arobaini imeshapita, na kiti chake hakikuwa na mtu. Katika ukoo wao kiti hicho hukaliwa na mwanamke. Wanaume wakigombania shamba au maji, huja mbele yake, na neno lake ndilo la mwisho.

"Ukoo umekaa," Cletus alisema. "Wamekuchagua wewe."

Dafrosa hakuuliza kwa nini. Aliona sababu iko wazi, ni akili zake, na alishangaa kidogo tu kwamba wamechelewa kuziona. Kufika mchana, soko zima lilikuwa na habari, maana kipaza sauti alikuwa nacho mkononi.

"Kwa hiyo umekuwa mwenyekiti," Rafaeli alimwambia. "Wa mtaa gani?"

"Sio mwenyekiti. Mwenye kiti."

"Tofauti yake nini?"

"Mwenyekiti anapigiwa kura. Mimi nina damu."

Rafaeli akasema damu hata yeye anayo, akawasha bajaji.

Wiki ile Dafrosa aliishia kwenye simu, akisoma habari za wanawake waliotawala. Alimsoma Hatshepsuti aliyekuwa farao Misri, na Amanirenasi wa Kushi aliyepigana na Warumi akiwa na jicho moja. Aliyempenda zaidi ni Nzinga wa kule Angola. Inasemekana Wareno walimnyima kiti ili akae chini, naye akaamuru mtumishi wake ainame, akamkalia mgongoni, mazungumzo yakaendelea. Dafrosa alimsimulia mumewe Deogratias habari hiyo kila walipokaa kula. Deogratias, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alitafuna ugali wake na kuitikia kwa kichwa.

Siku ya safari alijifunga kilemba kirefu kiasi kwamba kiligusa paa la basi. Walipopita Sitalike na kuingia hifadhini, mbung'o wakajaa ndani. Mmoja akatua shavuni mwake, na Dafrosa akajizaba kofi ambalo abiria wa kiti cha nyuma walilisikia. Kilemba kikadondoka. Akaingia Mamba uso umevimba upande mmoja, kilemba kiko kwenye mfuko wa nailoni, na aliyempokea akamuuliza kama amegombana na konda.

Kiti chenyewe kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kifupi, kimechongwa kwa ajili ya mwanamke mwenye makalio ya wastani. Dafrosa alikitazama, akamkumbuka Nzinga, akamtazama Cletus. Mgongo ulikuwa mpana wa kutosha. Lakini Cletus ndiye aliyemlipia nauli, basi akajikalia kigodani, magoti yakapanda mpaka usawa wa kidevu.

Shauri la kwanza lilikuwa la ndugu wawili, Ezekia na Yotham. Majaruba yao ya mpunga yanatumia mfereji mmoja, mvua zilikuwa zinasuasua, na kila mmoja alitaka kufungulia maji kwanza. Yotham alisimama. Alikuwa hajamaliza sentensi ya pili Dafrosa akaingilia kati.

"Nimeelewa," alisema, kwa sauti ileile ya mitumba, kuku wakakimbia. "Heshima ya ukoo ni mkubwa kutangulia. Mzee Ezekia, kaka yangu, shikamoo. Wewe ndiyo mkubwa, utaanza wewe. Shauri limekwisha."

Ezekia akashika upara wake.

"Mimi ndiyo mdogo, dada," alisema taratibu. "Nywele tu zimeniwahi. Hata wewe umenizidi. Ulikuwa unanibeba mgongoni kabla hujahamia Mpanda."

Watu waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Cletus akatangaza kwamba baraza litaendelea kesho.

Dafrosa alikimbilia jikoni kwa Angela, mama mzee aliyemtunza Theopista mpaka mwisho. Alimkuta anachambua mboga, akakaa kumsaidia.

"Mama, shangazi alikuwa anafanyaje? Wote wanasema hakuwa anaongea mpaka watu wamalize."

"Alikuwa hasikii," Angela alisema.

"Hasikilizi watu?"

"Hasikii, mwanangu. Masikio yalikufa zamani. Watu wanaongea wee, yeye anawatazama. Wakichoka wanapatana wenyewe, wanaondoka wanasema mama ana busara."

Dafrosa alikaa na jani moja mkononi. "Na mimi nilichaguliwa kwa sababu gani?"

"Scolastica dada yako alikataa. Wakasema basi apewe Dafrosa, yuko mbali, hatatusumbua."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Angela naye akacheka, ingawa alianza kwa kumwonea huruma. Walipotulia, bibi yule aliongeza, "Lakini macho alikuwa nayo. Alikuwa anaangalia watu sana."

Kesho yake Dafrosa alikaa kigodani bila kilemba, akafunga mdomo. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Maneno yalimjaa kooni. Ezekia alipodanganya waziwazi kuhusu mwaka waliochimba mfereji, aliuma ulimi hasa, akahisi damu. Akabaki kuangalia.

Ndipo akawaona wake zao. Minza wa Ezekia na Recho wa Yotham walikuwa wamekaa mbalimbali, kama wake wa maadui wanavyotakiwa kukaa. Yotham alipoapa kwamba tone moja halijaingia kwenye jaruba lake mwezi mzima, Recho akatazama chini, na Minza akaziba mdomo kwa pindo la kanga. Hapo Dafrosa akaona kwamba miguu ya wote wawili ilikuwa na tope la aina moja, bichi.

"Nani anafungua maji?" aliuliza.

Minza akamtazama Recho.

"Sisi," Recho alisema. "Leo yeye, kesho mimi. Asubuhi, hawa wakiwa wamelala."

"Tangu lini?" Yotham aliuliza.

"Tangu mlipoacha kusalimiana," Minza akajibu. "Mngengojewa nyie, mpunga ungekauka."

Dafrosa alikuwa na hotuba tayari, ndefu, yenye Kushi na Angola ndani yake. Akawaangalia wale wanawake wawili, akaona haina pa kuingia.

"Endeleeni hivyohivyo," alisema. Watu wakainuka kwenda kula. Yeye alihitaji watu wawili kumnyanyua, magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

Aliporudi Mpanda alijaribu kimya kile nyumbani, aone kama kinafanya kazi. Jioni ya kwanza Deogratias alimwangalia, akatoka, akarudi na panadol. Ya pili akauliza kama Mamba kuna mtu kamroga. Ya tatu aliweka tonge chini, akakohoa, akaanza kuongea. Alisema mlenda haupendi, hajawahi kuupenda. Akasema fundi mwenzake anamwibia wateja. Akasema na yeye angependa kufika Mamba siku moja, ila hajawahi kuulizwa.

Cletus alipopiga simu kuhusu shauri jingine, la mbuzi safari hii, walipanda basi wote wawili. Deogratias alikaa dirishani. Kuanzia Sitalike mpaka Majimoto alimweleza mkewe habari za baiskeli, aina kwa aina, na Dafrosa, mwenye kiti, akafukuza mbung'o na kuitikia kwa kichwa.