Fomu Arobaini na Moja

Pale chuoni walimwita Mama Fomu, na hakuwa mtu wa kutulia. Alifanya kazi masjala miaka tisa kabla ya kuhamishiwa Ofisi ya Ubora, chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ya wanafunzi kuhusu ufundishaji, kuyajumlisha kwenye kompyuta na kumpelekea mkurugenzi wastani wa kila mhadhiri. Baada ya hapo wastani huo uliingia kabatini, na habari yake ikaishia humo. Jambo hilo lilimkera. Kila baada ya dakika kumi aliinuka, akapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa, akafungua dirisha, akalifunga.

"Mama, kiti chako kina misumari?" mkurugenzi alimtania. Yeye alikuwa mzee mpole, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakutaka makuu.

Wiki tatu kabla ya wakaguzi wa nje kufika, chuo kilitakiwa kijitathmini chenyewe na ripoti iwe tayari. Ndipo Mama Fomu alipofungua bahasha ya mwaka wa pili wa kozi ya maabara ya tiba. Fomu zilikuwa safi, hazina hata mkunjo, na alama za juu tupu. Akazihesabu: arobaini na moja. Akazihesabu tena akiwa amesimama. Darasa lile lilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane! Watatu waliacha masomo mwaka uliopita, na barua zao yeye mwenyewe ndiye aliyezigonga muhuri kule masjala. Sasa hawa watatu wamejaza wakiwa wapi?

Na mhadhiri wa darasa hilo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe.

Siku mbili nyumbani alifagia sebule, akarudia, akarudia tena.

"Umepoteza nini?" mumewe akamuuliza.

"Sijapoteza kitu."

"Basi tulia, unanizungusha kichwa."

Hakutulia. Siku ya tatu aliteremka maabara wakati wa kipindi cha vitendo. Mhadhiri hakuwepo. Darubini kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mezani, kumi zimefunikwa mifuko ya plastiki iliyojaa vumbi.

"Hizo zimeshalala, mama," msichana mmoja wa mbele alimwambia. "Sisi tunaangalia picha za kwenye kitabu."

"Na fomu za maoni mlijaza lini?"

Wakatazamana. "Fomu gani?"

Kutoka hapo hakupita hata ofisini kwake. Alimkuta shemeji yake akiandaa mtihani.

"Karibu, shemeji. Kaa kwanza."

"Sikai. Zile fomu umejaza wewe?"

Mhadhiri aliweka kalamu chini. Hakukana. Alifungua mtoto wa meza, akatoa nakala za barua tatu za kuomba matengenezo ya darubini. "Nimeandika mpaka mkono umechoka. Kila nikifuatilia naambiwa, idara yako ina alama nzuri kuliko zote, unalalamikia nini?"

"Na alama zenyewe unazipika wewe!"

"Mwaka juzi wanafunzi walijaza wenyewe, wakasema ukweli. Nikaitwa, nikatishiwa kozi itafungwa. Nikaogopa, shemeji. Nikaona nizibe pengo muhula mmoja tu. Ukawa wa pili, ukawa wa tatu."

"Hawa vijana wanakwenda kupima damu za watu."

"Unadhani silijui hilo?" Kisha akauliza polepole, "Utaandika?"

"Nitaandika. Na barua zako nitaziambatanisha."

Shemeji alizisukuma zile barua upande wake, akageukia dirishani.

Mkurugenzi aliposoma rasimu alivua miwani. "Mama, unatuanika juani wageni wakiwa mlangoni?"

"Wakiingia maabara watayaona yote, mzee. Tutakuwa wazembe na waongo kwa pamoja."

"Na huyu si ni shemeji yako?"

"Ni yeye."

Mkurugenzi akafungua barua moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya pili palikuwa na saini ya kupokelewa, na saini ilikuwa yake mwenyewe. Aliikodolea macho muda mrefu, huku Mama Fomu akitembea kati ya mlango na kabati. Hatimaye akasaini ripoti. "Ipeleke kabla sijabadili mawazo."

Yaliyofuata hayakumfurahisha kila mtu. Wakaguzi walipokuja, kozi ilizuiwa kupokea wanafunzi wapya mwaka mzima. Darubini zilitengenezwa miezi miwili baada ya ukaguzi. Shemeji aliandikiwa onyo, akabaki kufundisha. Wale thelathini na wanane waliongezewa muhula wa vitendo, na baadhi yao walimsonya Mama Fomu kwenye korido. Tangu hapo fomu zilijazwa darasani mhadhiri akiwa nje, na kila darasa likaletewa ukurasa mmoja unaoeleza malalamiko yao yamefanyiwa nini.

Nyumbani, shemeji aliacha kuja Jumapili. "Ulifanya sawa," mumewe alisema, "lakini mimi ungeniambia kwanza." Neno hilo lilimsumbua Mama Fomu wiki nyingi.

Miezi sita baadaye shemeji aliingia Ofisi ya Ubora bila kubisha hodi, karatasi mkononi. Yalikuwa ni maoni ya kweli ya darasa lake.

"Wanasema naenda mbio ubaoni, hawaelewi. Ni kweli?"

"Mimi sijawahi kuwa mwanafunzi wako, shemeji. Waulize wao."

Akaguna, akatoka bila kuaga. Mama Fomu alishinda siku nzima akijiuliza kama amemkasirisha tena. Kesho yake, yule msichana wa mbele alimweleza ngazini kwamba mhadhiri wao alifuta ubao wote, akawauliza walipotea wapi, akaianza mada upya.