Mwito wa Nyumba ya Masuya

Mitsue hakuzaliwa bondeni hapa. Aliletwa na ndoa, na pamoja na miaka yote aliyokwisha kukaa akitia figili chumvi kwenye karakana ya wanawake, bado anaitwa mgeni. Si kwa ubaya. Watu wetu ni wazito wa kuzoea, basi. Mumewe Tatsuo aliangukiwa na gogo mlimani wakati wa theluji, akamwachia binti, Chizuru, na jina la nyumba: Masuya.

Jina hilo ndilo lililomkosesha raha. Maana katika mchezo wa kuigiza wa watoto, kila mwaka miti ya hekalu inapochanua, mchezaji akifika penye utamu hukanyaga jukwaa kwa kishindo, hukaza macho na kuganda. Hapo mtu wa kwao aliyeketi kwa watazamaji huita jina la nyumba. Mtoto asiyeitwa hubaki amekodoa macho kama samaki wa sokoni, na watu hunong'ona kwamba nyumba ile imezimika. Siku zote Tatsuo ndiye aliyeita.

"Nani ataniita?" Chizuru aliuliza huku anapakwa poda nyeupe.

"Baba yako mkubwa."

"Asipoita?"

"Ataita. Tulia, wanja utakuingia jichoni."

Heisuke, kaka wa marehemu Tatsuo, alikuwa ameahidi kweli, na nia alikuwa nayo. Ila bwana huyu hana breki. Tangu asubuhi alikuwa akiita nyumba ya huyu na ya yule, jirani na asiye jirani, huku pombe ya mchele inashuka katikati. Zamu ya Chizuru ilipokaribia alijaribu kukohoa, ikatoka sauti ya jogoo mwenye mafua.

"Shemeji, imekwisha," alisema kwa mkwaruzo.

"Nini imekwisha?"

"Sauti."

"Wewe mtu wewe! Watoto wa wenzio umewaita wote, wa ndugu yako ndiyo unakauka?"

"Ita wewe."

Mitsue alidhani anataniwa. Wanawake hawaiti. Sheria haipo, ila hakuna aliyewahi kumwona mwanamke akiita, na kwetu hiyo ni zaidi ya sheria. Akageuka kutafuta wa kumwomba. Wanaume walikuwa kwenye mikeka yao, masanduku ya wali magotini, kila mmoja anamngoja wa kwake. Hofu ilimshika, hofu hasa, ya kumwona mwanawe amesimama pale juu kama hana kwao.

Chizuru akatoka na upanga wake wa mbao, mlinzi wa lango, sauti nzito ya kujitia uanaume. Akazunguka. Akainua mguu. Mitsue, kwa kuogopa kuchelewa, akapaza: "Masuya!"

Ilikuwa sauti ya mtu anayefukuza mbwa jikoni, tena mapema mno. Mguu ulikuwa bado hewani.

Mtoto aliyefunzwa hufuata alichofunzwa. Alisikia jina, akaganda hivyo hivyo, mguu juu, uso nusu upande. Uwanja ukaangua kicheko. Mitsue alitamani ardhi ipasuke immeze. Goti la mtoto lilianza kutetemeka, naye hashushi. Ni mpaka mgonga vibao, yule wa kando ya jukwaa anayepiga mbao mguu unapotua, alipozinduka na kugonga ndipo mguu ukatua kwa kishindo, na kicheko kikageuka makofi. Heisuke alipiga makofi kupita wote, maana ndicho alichobakiwa nacho.

Nyuma ya jukwaa Mitsue alimkuta binti yake ameketi kwenye kreti, anangoja kufutwa poda. Hakuwa anatabasamu.

"Umewahi, Mama."

"Najua. Nisamehe mwanangu, nimekuaibisha mbele za watu."

"Baba alikuwa anangoja mguu utue." Chizuru akageuza shavu la pili lifutwe. "Mwakani usiniangalie usoni. Angalia mguu."

Mitsue alichovya kitambaa majini, akakikamua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema haya, mwakani ataangalia mguu.