Mabamba Kumi na Sita ya Godelive

Godelive hakuwahi kuisifia nyumba ya mtu. Akipanda mlima wa Kadutu, mjini Bukavu, kutoka sokoni, kikapu mgongoni, alizihukumu kuta moja baada ya nyingine, mdomo ameubetua. Nyumba ya mbao zilizopakwa oili chafu ya magari: inanuka garaji na bado itaoza. Ya mabati: kutu imeshakaribishwa mezani. Ya udongo uliopigwa chokaa: poda juu ya jasho.

Alizaliwa kijijini Mumosho katika nyumba ya matete na udongo, ambayo baba yake aliikandika upya kila kiangazi na mvua ikaibomoa kila masika. Kwa masista alisoma miaka mitatu tu. Lakini tangu utoto alijua jambo moja ambalo mumewe Aloys, karani mwenye kalamu mbili mfukoni, hakulijua mpaka uzee: mvua haibishi hodi mlangoni.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao za mkaratusi. Upande wa nyuma, unaotazama ziwa, mvua iliupiga kwa ubavu, na mchwa walimalizia kazi. Nyuma ya ukuta huo ndiko walikolala watoto, na Agnès, kitindamimba wa miaka mitano, alikuwa na kifua kilicholia kama mlango mbovu. Kila Septemba Godelive aliziba nyufa kwa magunia ya sukari na majani ya migomba. Kila Oktoba alihesabu pumzi za mtoto.

Ikaja miaka ile ambapo serikali iliwanyang'anya wageni maduka na kuwapa wenyeji. Aliyepewa ghala la vifaa vya ujenzi kule mjini hakujua tofauti ya simenti na unga wa muhogo; alitaka kulimaliza upesi anunue gari. Aloys alipoleta habari kwamba mbao na mabati vinapatikana, Godelive alishuka mwenyewe. Pembeni, chini ya vumbi, akaona mabamba ya fibro, yale ya simenti iliyochanganywa na nyuzi, ambayo hakuna aliyeyataka kwa sababu hayang'ai.

Hakununua siku hiyo. Aliomba kipande kilichovunjika. Wiki mbili kipande kililala ndani ya ndoo ya maji, wiki mbili nyingine juu ya kichuguu, kisha akakitia kwenye mbabula, jiko lake, pamoja na makaa. Hakikuvimba, hakikuliwa, hakikuungua.

"Sasa weye umekuwa muganga wa simenti?" Aloys akacheka.

"Mbao yako ilishindwa na mududu haina hata meno," akajibu. "Leta fibro."

Yakapatikana mabamba kumi na sita: yanatosha ukuta mmoja, basi. Godelive akamwita fundi Placide na kumsimamia kama askari. Placide alishika nyundo na misumari.

"Weka chini hiyo nyundo! Fibro ukiipiga inapasuka. Toboa na kekee, ufunge na vis, ile ya kuzungusha."

"Maman, vis inakawiza."

"Mvua ndiyo haikawiye."

Lakini kabla bamba la kwanza halijainuliwa, Aloys akarudi kutoka kazini akitembea kama mtu aliyepewa medali. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kumposa Noëlla, binti yao mkubwa. Watu wa Nguba, wenye nyumba za kando ya ziwa.

"Placide, fibro inaenda mbele," akasema. "Bageni banapitia mbele."

"Na mvua?" Godelive akauliza. "Na Agnès?"

"Agnès ataposwa kesho? Wacha mambo ya nyuma, mama Noëlla. Nani anaangaliaka nyuma ya nyumba?"

Alimtazama mumewe kuanzia viatu vilivyong'arishwa mpaka kola iliyopigwa pasi, na kola hiyo alikuwa ameipiga yeye. Alijua vizuri: nusu ya Bukavu ilijengwa hivyo, uso kwa barabara na mgongo kwa Mungu. Hakubishana, kwa ajili ya Noëlla. Ila alisimamia vis mpaka ya mwisho, na turnevisi ya kuzizungusha akaificha chini ya kitanda chake.

Jumapili, mbele ya nyumba palikuwa pa kijivu, pamenyooka, majirani wakipita kugusa. Wakwe wakaketi, kasiksi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, Aloys akaongea Kifaransa ambacho hakuna aliyemwomba. Alikuwa katikati ya sentensi ndefu kuhusu nyumba ya kudumu mvua ilipoanguka. Haikupita muda, maji yakatoka chumba cha watoto, yakavuka kizingiti, yakapita katikati ya viatu vya wageni kama mgeni aliyechelewa.

Aloys akainua miguu, akaendelea kuongea.

Shangazi wa kijana aliyekuja kuposa, bibi mmoja mnene aitwaye Adolphine, hakuinua miguu. Alisikia kikohozi. Akasimama, akafuata maji mpaka yanakotoka. Aliporudi alikuwa amembeba Agnès, amemfunga kwa kitenge alichokuwa amejitanda, na mkononi ana gunia la sukari linalochuruzika.

"Papa Aloys," akasema, "mulivalisha barabara, mukaacha mutoto uchi."

Aloys akaongeza kasiksi kwenye glasi iliyokwisha kujaa. Noëlla akainama. Godelive aliona aibu, lakini zaidi aliona kwamba mtu mmoja hatimaye alikuwa ameangalia nyuma.

"Musichana hana kosa," Adolphine akaongeza, akiketi na mtoto mapajani. "Tutarudi. Lakini nitaanzia uko nyuma."

Asubuhi Godelive hakuomba ruhusa. Alitoa turnevisi chini ya kitanda, akapanda kwenye kiti, akaanza kufungua. Vis zilitoka moja moja, bamba halikupasuka hata moja. Aloys akatoka amevaa fulana tu.

"Unanivua nguo mbele ya batu! Batu batasema nini?"

"Baseme. Midomo yabo haizuie mvua."

Aloys akasimama pale, akiwasalimu wapita njia na kuwaambia wanapanga upya. Mwishowe, kwa kuwa kusimama bure kulionekana vibaya zaidi, akabeba bamba mpaka nyuma na kuliinua juu kabisa, chini ya paa.

"Chini kwanza," Godelive akasema bila kumtazama. "La juu lifunike la chini. Ama unataka maji yaingie ndani?"

Miaka thelathini ya kalamu, na hakujua hilo.

Mvua iliyofuata ilikuja Alhamisi mchana, kwa ubavu, kutoka ziwani. Godelive aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha watoto, akakiacha hapo muda mrefu. Kikavu. Agnès alikuwa amelala juu ya gunia lililokauka, akipumua bila kifua kulia.

Hakumwita mumewe aje kuona. Aloys alikuwa mbele ya nyumba, akiziba kwa sabuni matundu ya vis yaliyobaki kwenye mbao, na mvua ilikuwa ikiiosha.