Aliye Karibu Amwambie Aliye Mbali

Fulana niliyopewa na kampuni ya redio naifutia meza. Ni fulana nzuri, sikatai, nzito, ya bluu, ina nembo kifuani na maneno mgongoni yanayosema kwamba wako pamoja nasi. Juzi mgeni aliyenitembelea hapa Area D, Dodoma mjini, aliniuliza kwa nini naharibu nguo mpya. Nikamjibu kwamba haijaharibika, imepata kazi inayoifaa. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Wewe ni rafiki wa siku nyingi, kaa nikueleze hasira hii ilikotoka.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, pembezoni mwa Kongwa. Mchana wa kiangazi tulikaa barazani tukibangua karanga, maganda yakitujaa miguuni, vidole gumba vikiuma, na jikoni mboga ya mlenda ikichemka taratibu. Bibi alikuwa na maneno yake kuhusu karanga. Alisema zamani walikuja wageni wakubwa na mitambo mikubwa, wakataka kuigeuza Kongwa nzima shamba la karanga, wakashindwa, kwa sababu hawakumuuliza mtu yeyote mvua ya huku huja vipi. Mtu asiyeuliza, alisema, huacha vyuma chakavu tu. Mimi nilidhani ni habari za watu waliokwisha kuondoka.

Ikikaribia saa saba mchana kila mtu alinyamaza. Redio yetu ilikuwa ndogo, antena yake imefungwa kwa waya, na betri tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Kituo chenyewe kilikuwa Dodoma mjini, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Mtangazaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mafua hata asipoumwa. Alitusalimia kwa salamu ya kwetu, mbukwenyi, kisha akaingia kazini: mnada wa kesho uko kijiji gani, ng'ombe wa nani kapotea na ana alama gani sikioni, alizeti na karanga zinanunuliwa wapi, kwa bei gani, na mizani ya nani haiibi. Walanguzi walikuwa wakija na malori yao wakiapa kwamba bei ya karanga imeanguka. Bibi aliwakaribisha maji ya kunywa, akawaambia wasubiri saa saba. Wapo waliogeuza lori bila hata kumaliza maji.

Mwisho wa yote yalikuja matangazo ya vifo. Aliyeyagharamia ni mwenye lile duka la vitambaa, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara. Aligharamia ya Waislamu, ya Wakristo na ya wasio na dini, na hakuna mfiwa aliyeombwa kitu. Nasi hatukuwa wezi wa fadhila. Sijapata kumwona mwanamke wa kijijini kwetu aliyenunua kanga duka jingine.

Mtangazaji alisoma jina la marehemu, kijiji chake, na ndugu wanaotafutwa popote walipo. Alimalizia kwa maneno yaleyale kila siku: "Aliye karibu amwambie aliye mbali." Halafu alinyamaza. Hakupiga muziki, hakukohoa. Kimya kile kilikuwa na kazi yake, maana ndipo watu walipotoka majumbani. Huyu aliita kuvuka shamba, yule alirukia baiskeli, na sisi watoto tulitumwa mbio kwa wachungaji wasio na redio. Nimepeleka misiba ya watu nisiowajua hata kwa sura. Ndiyo maana kwetu mfiwa hakutuma mtu kwa ndugu zake. Redio ikishasoma, ameambiwa kila mtu, na wewe kazi yako ni kuchemsha maji na kungoja wageni.

Bibi alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda saa hiyo. Mdogo wake wa pekee, ambaye mimi namwita bibi mdogo, aliolewa Zuzu, ng'ambo ya mji, kwenye reli. Kuonana kwao kulikuwa kwa nadra. Lakini bibi alijua kwamba saa saba mdogo wake naye ameinamia redio, na alipenda kusema kwamba huo ndio wakati wanaokaa pamoja. Wakati mwingine mtangazaji akitaja mnada wa huko, bibi alitabasamu kana kwamba ameletewa salamu.

Kisha kampuni kubwa ya habari kutoka Dar es Salaam ikakinunua kituo. Tuliambiwa tufurahi, eti masafa yameongezeka, sauti imekuwa safi. Kweli ilikuwa safi. Mama mwenye sauti ya mafua aliambiwa haendani na wakati, sasa anauza maandazi. Saa saba mchana wakaweka vijana wawili walioko Dar wanaobishana mpira, na katikati yao matangazo ya kubeti, yanayowaambia vijana wa Kongwa kwamba utajiri uko kwenye simu na si kwenye jembe. Mzee wa vitambaa alipokwenda kuulizia udhamini wake, alitajiwa gharama ambayo ingemlia duka na familia. Habari za mnada zikafa. Lori la mlanguzi likija sasa, anayejua bei ni mlanguzi peke yake. Hebu niambie, hapo nani anamsaidia nani?

Bibi alifariki wakati wa mavuno. Mjomba alikwenda mjini, akaingia ofisi ya vioo, akamkuta binti mpole aliyepokea maneno ya tangazo na kuyatuma Dar kwa simu. Binti akamhakikishia kwamba litasomwa. Mjomba hakuuliza litasomwa lini. Angeulizaje? Tangu tuzaliwe, vifo husomwa saa saba, na alidhani hata mpira hupisha msiba. Simu ya mjukuu wa bibi mdogo tuliijaribu, haikupatikana, na hatukuhangaika. Sisi katika pilikapilika za msiba hatukufungua redio, lakini tulijua imefika Zuzu kabla yetu. Siku ya mazishi tulichelewesha jeneza mpaka jua likaanza kushuka, tukiamini yuko njiani. Wazee wakasema basi, na tukazika.

Tangazo lilisomwa, ndiyo, sitaki kuwasingizia. Lilisomwa alfajiri, kwa haraka, juu ya muziki, watu wamelala. Bibi mdogo saa saba alifungua redio yake kama kawaida, akasikiliza mpira.

Alikuja wiki iliyofuata, na hakuja msibani. Alikuja kumtembelea dada yake. Alipiga hodi, kichwani amebeba kifurushi cha mlenda mkavu alioukausha mwenyewe, na mikeka ya matanga tulikuwa tumeshaikunja.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba. Dada yuko wapi, bado yuko shamba?"

Mjomba ndiye aliyemwambia. Hakulia papo hapo. Alikitua kifurushi chini, akauliza kwa sauti ndogo kwa nini aliye karibu hakumwambia. Nimeona misiba mingi, lakini aibu ile bado iko mwilini mwangu.

Sasa turudi kwenye fulana. Mwezi uliopita kampuni ilikwenda Zuzu na magari na maspika, eti siku ya kurudisha kwa jamii. Walitugawia fulana hizi, wakakabidhi tangi la maji lenye nembo kubwa kuliko tangi. Tangi ni tangi, na maji watu watakunywa. Lakini neno hilo linanikera, kwa sababu kinachorudishwa lazima kwanza kiwe kimechukuliwa, na walichochukua sikukiona kwenye lori lao. Nilikuwa nimemsindikiza bibi mdogo. Mshereheshaji, kijana mchangamfu wa kutoka Dar, alimwona ndiye mkongwe kuliko wote, akamshika mkono mpaka mbele, akamwambia kwamba yuko mbashara nchi nzima, na amwambie msikilizaji redio hii imemsaidia nini.

Bibi mdogo alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Dada yangu wa Kongwa amefariki," alisema polepole, kwa mpangilio uleule wa mama mwenye sauti ya mafua. "Ameshazikwa. Mimi mdogo wake sikuwepo. Aliye karibu amwambie aliye mbali."

Kisha akanyamaza. Watu wazima wa Zuzu walielewa mara moja. Wanaume walivua kofia, wanawake wakashusha kanga mabegani, na mama mmoja nyuma yangu akaanza kuondoka kwa haraka, kama tulivyokuwa tukiondoka zamani, kwenda kumwambia mtu. Kwa pumzi chache nilikuwa tena barazani kwa bibi, maganda ya karanga miguuni.

Fundi mitambo alikiogopa kimya kile. Akabonyeza kitufe, na wimbo wa kubeti ukalipuka kwenye maspika yote. Mshereheshaji alinyoosha mkono achukue kipaza sauti chake, lakini bibi mdogo hakukiachia. Alisimama palepale juani, akingoja muziki uishe ili ammalizie dada yake kimya chake. Haukuisha.